Faili Lililokuwa Likinenepa

Rafiki yangu mmoja, fundi wa kompyuta, ana dharau iliyopitiliza. Kwake yeye kila mteja ni mbumbumbu. Asubuhi moja aliitwa kwenye ofisi ya wapima ardhi, ambako ukifungua ramani kutoka kwenye seva, unakunywa chai ukamaliza kabla haijatokea.

"Hata jana ilikuwa hivi hivi," karani alimweleza.

"Mama, mmejaza takataka humo, basi," fundi akamjibu, akashuka peke yake kwenye chumba cha seva, chini ya ngazi. Hakikuwa na dirisha, na taa ilikuwa imeungua. Akafanya kazi kwa mwanga wa skrini, feni zikivuma gizani.

Chanzo alikiona upesi. Faili moja la sauti lilikuwa wazi, likinenepa kila sekunde na kuielemea diski nzima. Halikutoka kwenye kompyuta yoyote ya ofisi. Akatafuta maikrofoni kila pembe, asiione.

"Majinga haya," akasema kwa sauti, akasonya, "hayajui hata yanarekodi nini."

Akanakili faili, akavaa hedifoni, akasikiliza dakika ya mwisho. Akasikia feni. Akasikia vidole vyake mwenyewe kwenye kibodi, kisha sauti yake ikitukana na kusonya, ila kwa mbali kidogo, kama ya mtu aliyeko upande wa pili wa chumba.

Halafu, humo humo kwenye faili, mtu mwingine akacheka taratibu, karibu kabisa, akasema, "Kweli, mwanangu. Majinga kabisa."