Abiria wa Tairi la Kushoto

Mwoga na amsogelee mwenzake, maana haya yalitokea mchana kweupe.

Mwaka wa elfu mbili na kumi na nane, Salat, muuza vitambaa wa Keumbu, alikuwa akitoka Itumbe kwa gari lake jipya, jipya kwake, kwani Wajapani walikwisha kulichosha. Nyuma alikaa bintiye Istarlin, mtoto wake wa pekee baada ya kuzika wawili. Mlimani rejeta ikachemka. Salat akayamwaga yale maji yanayotokota kando ya barabara, chini ya mikaratusi, akatia mengine, akaondoka mbio kuikimbia mvua. Bismillahi aliisahau. Na nyanya yake alimfinya masikio utotoni kwa kosa hilohilo: maji ya moto hayamwagwi ardhini bila kutaja jina la Mungu, hujui ni jini gani amelaza mwanawe hapo.

Hawajafika mbali, taa ya manjano ikawaka mbele ya usukani: tairi limepungukiwa na hewa. Salat akashuka. La nyuma kushoto, upande wa Istarlin, lilikuwa limebonyea. Akalipiga pampu mpaka jasho likamtoka. Taa haikuzimika.

Walipofika Keumbu, Mogire, fundi wa pancha, akachomeka kipimo, akakitazama, akachomeka tena.

"Mzee Salat, hewa iko. Imejaa kabisa."

"Mbona limelala?"

Mogire akashusha sauti. "Hii si pancha. Hii ni uzito. Umebeba nani huku nyuma?"

"Binti yangu tu."

"Hebu mshushe."

Istarlin akashuka. Gari halikuinuka hata kidogo. Hapo ndipo Salat aliposikia harufu ya ngozi iliyobabuka, na ndani ya gari lile tupu, milango ikiwa wazi, kichanga kikalia kilio cha chinichini cha kukatika pumzi, na sauti ya mama ikakibembeleza kwa lugha asiyoijua, na kiti cha nyuma kikawa kinabonyea na kuinuka, kinabonyea na kuinuka, hata Salat akamvuta Istarlin kifuani, kwa kuwa alikwisha kujua amembeba nani na kwa nini.

"Mrudishe ulikomtoa," Mogire alinong'ona, akafunga kibanda chake na kwenda zake.

Salat alinunua maziwa, akampakia Istarlin kiti cha mbele, akarudi mlimani huku akisoma kila dua aliyoijua. Chini ya mikaratusi akayamwaga maziwa polepole, kwa Bismillahi.

"Mama, nisamehe. Sikumwona mwanao. Na mimi nimebakiwa na mmoja tu. Usinilipize kwake."

Mlango wa nyuma ukafunguka wenyewe. Nyasi zikalala, kama zinakanyagwa, kuelekea msituni. Tairi likasimama, taa ikazimika, na Salat akalia kwa furaha bila aibu.

Walikuwa wamekaribia nyumbani Istarlin alipomgusa baba yake mkono. Alikuwa amekunja mikono kifuani, akiyumba taratibu.

"Aabo, endesha polepole. Amelala."

"Nani amelala, binti yangu?"

"Mtoto. Mama yake amesema nimlee mpaka apone. Akifa, atakuja kunichukua mimi."

Salat akapunguza mwendo. Na mpaka alipohama Keumbu, hakuna aliyethubutu kuchemsha maji nyumbani kwake, hata ya chai.