Gramu Moja Kila Mwezi

Alhamisi ile, wiki moja kabla ya Idi, kichochoro cha masonara cha Kairo kilikuwa kimefurika hadi watu wakawa wanapita ubavu ubavu. Wachumba, mama zao na shangazi zao walisukumana, na katikati yao muuza juisi ya miwa alikuwa anapiga kelele apishwe. Ndani ya duka la Mzee Nasim, Nihal alikuwa amesimama nyuma ya kabati la kioo tangu asubuhi. Mtandio wake wa rangi ya haradali ulishaanza kulegea, na viatu vipya vyekundu vilimbana vidole, lakini tabasamu halikumtoka. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na ulimi uliokuwa ukiuza bangili haraka kuliko mng'aro wa dhahabu yenyewe.

Akaingia mwanamume mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi likanyooka. Nihal aliiona kola mara moja: ilikuwa imefumuliwa, ikageuzwa na kushonwa upya ili upande uliochakaa ujifiche. Mwanamume yule aliwasubiri akina shangazi wamalize, ndipo akasogea.

"Naomba gramu moja."

"Gramu moja ya nini? Pete? Hereni?"

"Ya dhahabu tu. Kile kipande cha kwenye plastiki."

Nihal akakishika kwa ncha za vidole. "Na mchumba atakivaa wapi hiki? Kwenye jino?"

Akina shangazi wakaangua kicheko. Mwanamume akaona haya, kisha naye akacheka. "Sina mchumba, bibie. Na meno yangu mazima, alhamdulillahi."

Mwezi uliofuata alirudi, na mwingine tena, kila mara kwa gramu moja. Jina lake Hazem, fundi wa lifti, na aliishi na mama yake mtaa wa Shubra. Nihal akaanza kumwita Injinia. Mara ya nne alishindwa kujizuia.

"Hebu niambie, Injinia. Vipande vyote hivi vinakwenda wapi?"

"Kwenye kopo la mchele la mama."

"Maskini dhahabu! Watu wameichimba kutoka gizani, wewe unairudisha gizani!"

"Kule ina usalama."

"Na wewe je, una usalama?"

Hazem alikizungusha kipande kile mkononi, akamtazama, akasema kwa sauti ya chini, "Nikikuomba namba ya simu, utanitoza?"

Hivyo ndivyo walivyoanza. Jioni baada ya kazi waliranda kwenye daraja juu ya mto Naili, Nihal na magauni yake ya maua, Hazem na mashati yake mawili ya kubadilishana. Nihal ndiye aliyenunua chai, na mahindi ya kuchoma, na maembe ya Ismailia pesa ya mshahara ilipoingia. Hazem yeye alikuja na mkate wa maharage alioufunga mama yake. Nihal hakujali, ila alimtania bila huruma.

"Habibi, jana ulinibipu mara tatu. Mtu mzima, fundi mzima!"

"Nilikuwa najaribu kama simu yako inafanya kazi."

"Inafanya kazi ukiilipia!"

Kidogo kidogo wakafunguliana mioyo. Baba yake Nihal alifundisha Kuwait miaka kumi na tano akijinyima kila kitu. Sebule yao Kairo ilikuwa na makochi ya rangi ya dhahabu yaliyofunikwa nailoni, na watoto hawakuruhusiwa kuyakalia. "Tukistaafu ndipo tutaishi," alikuwa akisema. Alikufa miezi miwili kabla ya kustaafu. Kisha thamani ya pauni ikaporomoka, na akiba yote ya maisha yake ikatosha kununua friji na kitanda. Tangu hapo Nihal alijiapiza kwamba mshahara wake hautalala usingizi.

Baba yake Hazem alikuwa kinyume kabisa. Akipata pesa, jengo zima linakula kebabu. Wiki ikiisha, nyumbani hakuna mkate. Siku moja Hazem, mtoto wa miaka tisa, alirudi kutoka shule akakuta magodoro na masufuria yao yametupwa kwenye ngazi kwa kuwa kodi haikulipwa. Majirani walikuwa wanayaruka wakipita. Akakaa juu ya godoro lake palepale ngazini, akafanya hesabu za shule, kwa sababu hakujua la kufanya.

Nihal aliposikia hilo alilia, na wiki ileile akakubali pete ya uchumba. Lakini harusi ikawa haina tarehe. Kila alipouliza, jibu lilikuwa lilelile: "Bado kidogo, roho yangu. Kopo bado kidogo."

Majira ya baridi yalipofika, Hazem alishinda juu ya mapaa ya majengo, kwenye vyumba vya mitambo ya lifti, upepo ukimpiga na kikohozi hakimwachi. Nihal akachukua nusu ya mshahara wake akanunua koti la ngozi, la kahawia, lenye manyoya kwa ndani. Hazem alipolivaa alipendeza hadi Nihal akajisahau akampigia makofi barabarani.

"Unafanana na mtu mwenye gari!"

Siku ya tatu Nihal alipita kwenye duka lile kutafuta glavu. Muuzaji akamkumbuka. "Dada, lile koti halikumpendeza mchumba wako? Alilirudisha keshoye, akachukua pesa zake."

Nihal alimpigia simu hapohapo, katikati ya watu.

"Koti langu liko wapi, Hazem?"

"Nihal, sikiliza, nilitaka nikueleze—"

"Uliliuza!"

"Nimelirudisha tu. Ile pesa nime—"

"Umeiweka kwenye kopo! Mimi nilitaka upate joto, wewe ukaona pesa! Mkono wa birika wewe! Kaa na kopo lako, likuzalie watoto!"

Akakata simu. Hazem alipiga mara saba, na safari hii hakuwa anabipu. Nihal hakupokea.

Ijumaa baada ya swala alipanda basi hadi Shubra, pete ndani ya kibahasha. Alijua Hazem hushinda kazini Ijumaa, maana malipo ni mara mbili. Mama Hazem, mwanamke mnene mwenye macho ya kucheka, alimfungulia na kumkalisha jikoni. Alipoiona bahasha, akakaa naye.

"Mwanangu, hiyo pesa ya koti kanunulia dhahabu. Risiti ina jina lako, wala si lake. Nimeiona kwa macho yangu."

Nihal akaiweka bahasha mezani. "Mama, hilo ndilo linaniumiza zaidi. Anadhani nilitaka dhahabu. Nauza dhahabu kutwa! Nilitaka aache kukohoa."

Mama Hazem akapangusa meza ambayo ilikuwa safi. "Baba yake alisababisha tufukuzwe nyumbani, sikatai. Lakini alikuwa ananichekesha. Huyu hajaniacha na njaa hata siku moja, Mungu ambariki. Ila mimi napenda samaki, mwanangu. Samaki wa kukaanga, wa mgahawani, na limau. Mwaka wa sita huu, naona haya kumwomba."

"Kwa nini hukusema, Mama?"

Sauti ilitoka mlangoni. Hazem alikuwa amesimama na mfuko wa spana begani. Kikohozi kilikuwa kimemrudisha mapema. Uso ulikuwa umemsawijika.

"Ungeuliza kwanza bei," mama yake akasema kwa upole.

Hazem akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Kisha akamwambia Nihal, bila kumtazama, "Nilipolivaa lile koti nilipendeza. Nikajiona kwenye kioo, nikamwona baba yangu. Usiku sikulala. Nilisikia kama kuna mtu anashusha magodoro."

Hasira ya Nihal, aliyoibeba safari nzima ya basi kutoka mjini, ikamponyoka. "Mimi nami nikukirie jambo," akasema. "Mwezi uliopita Mzee Nasim alichelewesha mishahara. Siku tatu nilikwenda kazini kwa miguu, na viatu vyangu vyekundu, sina hata nauli. Sikumwambia mtu. Niliogopa, Hazem. Ukinicheka, naondoka."

Hakucheka. Aliinua macho, na yalikuwa mekundu.

"Lile kopo," akasema. "Nilijiambia likifika gramu sitini, naoa. Likafika sitini nikasema sabini. Likafika sabini kabla hata sijakujua wewe. Kila nikikaribia nasogeza lengo mbele. Nihal, sijui kusimama. Nifundishe."

"Na mimi nani atanifundisha kuanza kuweka akiba?"

"Tufundishane, basi."

Nihal alitazama bahasha mezani. Mama Hazem aliisukuma kwa kidole kimoja hadi ikamgusa mkono.

"Vaeni viatu," Hazem akasema ghafla, akasimama. "Wote. Tunakwenda kula samaki."

Mgahawa ulikuwa umejaa moshi na kelele za Ijumaa. Hazem aliagiza samaki wawili wakubwa, wali wa kahawia, saladi na mchuzi wa ufuta, bila kuuliza bei, ingawa Nihal aliona macho yake yakikimbilia bei zilizoandikwa ukutani. Pete ilikuwa imerudi kidoleni. Mama Hazem alikula kimya kimya, kwa heshima, kama mtu aliyepokea mgeni wa miaka mingi. Alipomaliza kipande cha kwanza akanyonya vidole, akasema, "Nikiomba kipande kingine nitaonekana mlafi?"

Hazem alicheka, kicheko kilichogeuka kikohozi, kikageuka tena kicheko. Akamwita mhudumu. Kisha akamgeukia Nihal.

"Kabla ya Ramadhani," akasema. "Nyumba ndogo, makochi ya kukaliwa, na kila mwezi tunaweka kitu, hata kidogo, na tunakula kitu. Utakubali?"

"Na gramu ngapi?"

"Sihesabu tena. Nakuuliza wewe."

"Nakubali, Injinia wangu."

Mama Hazem akaweka mwiba sahanini, akapiga vigelegele. Wanawake wa meza ya jirani wakavipokea bila hata kujua ni vya nani, mpishi akagonga sufuria, na mgahawa mzima ukawa unawapongeza watu wasiowajua. Hazem, uso umemwiva kwa furaha, akainua mkono juu. "Mhudumu! Wape watu wote soda, na maandazi ya asali, na—"

Nihal akaushika mkono ule akaushusha polepole.

"Chai inawatosha, baba," akamnong'oneza. "Nyumba bado haina mapazia."