Mwoga Aliyeachwa Nyumba ya Wageni

Lifti ya jengo la maduka ya kompyuta ilikuwa imejaa watu na maboksi. Katikati ya safari ikatikisika, ikaguna kama mzee anayeamshwa usingizini, taa ikazimika.

Msichana mmoja wa gauni la kijani, aliyekuja kununua spika tu, alijibana kwenye kona. Roho yake ilikuwa juu juu. Alitaka kupiga kelele lakini akaona aibu, maana hata kelele alikuwa anaziogopa.

"Jamani, tusihangaike," ilisema sauti ya kiume gizani. "Nani ana tochi?"

"Mimi, kwenye simu," alijibu mama mmoja aliyekumbatia printa.

"Basi mama, wewe ndiye mwanga wetu. Mwenye nguvu je?"

"Mimi nabeba mizigo humu," alisema mwingine.

"Kaa mlangoni, kaka. Na wewe dada wa kona, unatusaidia nini?"

"Mimi naogopa tu."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha wenye hofu.

"Safi sana," ile sauti ikasema. "Kundi lisilo na mwoga hufa mapema. Mwoga ndiye anayesikia kwanza. Haya, unasikia nini?"

Akatega sikio. "Kuna mtu anagonga. Juu, upande wa kushoto."

Wote wakanyamaza, na kweli, kulikuwa na mtu anagonga. Wakaita. Baada ya muda fundi wa lifti akapanua mlango kwa chuma, ikapatikana nafasi ya kupanda ghorofa ya juu. Mwenye sauti alitangulia, akainama, akamnyooshea msichana mkono. Alikuwa kijana mrefu, shati la njano lenye mfuko uliochanika, jasho limemlowesha mgongo mzima.

"Utafuatana nami?"

"Nitafuatana," alisema yule msichana. "Lakini nitatetemeka njia nzima."

Mapenzi yao yalianzia hapo.

Kijana alikuwa anatengeneza gemu za kompyuta na marafiki zake wawili, ghorofa ya saba ya jengo hilohilo, na kila mtu alimwita Fundi. Yeye akamwita msichana Mwoga wangu. Msichana alimwambia anaandika mambo ya kompyuta gazetini, na hakusema uongo. Ila hakumwambia kwamba jina lake la gazetini ni Sindano. Na Sindano ndiye mhakiki ambaye watengeneza gemu walimwogopa kuliko umeme kukatika. Mtu anayeogopa mbwa, lifti na simu za namba ngeni, akishika kalamu anachoma mpaka mfupani. Kila siku alijiambia, kesho nitamwambia. Kesho ikifika, ulimi unakuwa mzito.

"Gemu yako nitaiona lini?" alimuuliza siku moja kwenye simu.

"Ikitoka. Ukiiona kabla haijaiva utanionea huruma, na mimi huruma sitaki, nataka busu."

"Busu halipiti kwenye waya."

"Lijaribu kwanza, uone."

Halafu akaacha utani. "Kusema kweli sili vizuri, mpenzi. Gemu ikilala wiki ya kwanza bila wachezaji, tunafunga ofisi. Namwogopa yule Sindano peke yake. Akisema kitu, wengine wote wanaitikia amina."

Msichana akahisi simu inamuunguza sikio.

Na wiki hiyohiyo mhariri akampa gemu ya Fundi aihakiki. Angekataa, angeulizwa sababu.

"Mwambie huyo kijana ukweli," alisema dada yake, msusi, akiwa na kitana mdomoni na kichwa cha mteja mikononi.

"Ataniacha."

"Na akijua mwenyewe, atakuletea maua?"

Hakumwambia. Aliogopa asije akaisifu gemu kwa sababu ya mapenzi, hivyo akaamua kuicheza kwa moyo wa barafu. Ilikuwa ya mtindo wa zamani: unakusanya kundi la wasafiri, unapita nao misitu na mapango, mnapigana na mazimwi kwa zamu. Kwenye nyumba ya wageni ya mwanzo walikuwepo watu saba, na nafasi zilikuwa sita. Akachukua wenye panga, upinde na uchawi. Alibaki msichana mmoja aliyejifunika blanketi, hana silaha, hana nguvu. Sindano hata hakumsemesha. Akabonyeza: Baki hapa.

"Sawa," alisema yule wa blanketi. "Nitawasubiri."

Gemu ikatoka. Wahakiki wengine walisifu muziki, wengine walilalamika kwamba mambo ya kupigana kwa zamu yamepitwa na wakati. Lakini maneno ya Sindano ndiyo yaliyosambaa. Jioni Fundi akapiga simu.

"Mwoga wangu, umesoma?"

"Nimesoma," alisema, akakaa sakafuni.

"Sikiliza hapa. 'Mapigano yamepangwa vizuri, lakini kundi hili linatembea kama watu waliokutana kwenye mazishi ya mtu wasiyemjua. Hakuna anayempenda mwenzake.' Najua alichofanya huyu. Alimwacha msichana wa blanketi."

"Ana nini huyo?"

"Ni mwoga. Ukiwa naye, kila mkiingia pangoni anaogopa, wenzake wanamtuliza. Wanamtania, wanamsimulia habari za kwao. Wanakuwa ndugu. Ukimwacha, hakuna anayefungua mdomo mpaka mwisho." Akavuta pumzi. "Gemu nzima nimeijenga juu yake. Yaani juu yako, mpenzi."

Hakuweza tena. Machozi na maneno vilitoka pamoja.

"Sindano ni mimi."

"Rudia."

"Ni mimi. Nilijua ni gemu yako. Niliogopa kukupendelea, nikakuumiza."

Upande wa pili kiti kikasukumwa, Fundi akasimama.

"Kwa hiyo nilipokuwa nakueleza hofu yangu, nilikuwa namweleza Sindano," alisema polepole. "Ulikuwa unayaandika maneno yangu?"

"Hapana, sikuwahi."

Simu ikakatwa. Alipiga tena, haikupokelewa. Kesho yake vilevile. Kila simu ikilia anashtuka, na siyo yeye. Mwishowe akaifungua ile gemu upya, akaenda kwenye nyumba ya wageni, safari hii akamsogelea wa blanketi.

Kwenye kioo yakatokea maneno: Utafuatana nami?

"Nitafuatana," akajibu yule wa blanketi. "Lakini nitatetemeka njia nzima."

Msichana akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Asubuhi alikuwa mbele ya meza ya mhariri. "Nataka niandike kwamba nilikosea. Kwamba nilimwacha mtu muhimu, na kwamba mwenye gemu ni mpenzi wangu."

"Ukiandika hivyo, Sindano amekufa. Na watu watakucheka kwa jina lako."

"Najua," alisema, akivuta kiti aandike. "Yachapwe."

Yakachapwa. Watu walicheka, walitukana, na baadhi yao, kwa udadisi tu, walirudi nyumba ya wageni kumchukua wa blanketi. Yeye hakusoma walichosema. Alivaa lile gauni la kijani akaenda kwenye jengo la kompyuta, akapiga simu. Mara hii ikapokelewa.

"Uko wapi?" Sauti ya Fundi ilikuwa kavu.

"Chini. Mbele ya lifti."

"Wewe hupandi lifti."

"Leo napanda. Tafadhali usikate."

Mlango ukajifunga nyuma yake. Lifti ikaguna, taa ikapepesa. Alishika ukuta, macho ameyafumba.

"Unasikia nini?" sauti ikauliza kwenye simu, sasa laini kidogo.

"Moyo wangu. Na wewe, unapumua kwa nguvu."

"Endelea kusikiliza."

Ghorofa ya saba mlango ukafunguka. Fundi alikuwa amesimama hapo, shati lilelile la njano, mfuko bado haujashonwa, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Uliniumiza," alisema.

"Najua."

"Sijui kama ofisi itafika mwezi ujao. Tumepata wachezaji, ila sijui. Na bado nina hasira."

"Kasirika. Mimi sitoki."

Fundi akamtazama, halafu akamnyooshea mkono kama siku ile.

"Utafuatana nami? Kwa mama yangu kwanza, akujue. Halafu nije kwenu na wazee wangu. Halafu maisha, hata kama ofisi imefungwa."

"Nitafuatana," alisema, machozi yakimfika kidevuni. "Lakini nitatetemeka njia nzima."

Fundi akacheka, akamvuta nje ya lifti, akaanza kuelekea kwenye ngazi.

"Lifti hii hapa," msichana akashangaa. "Nimeshaizoea kidogo."

"Hapana, mpenzi, tushuke kwa miguu," alisema, na kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. "Tangu siku ile, mimi sijaipanda tena."