Kitatange wa Celina

Siku ya kwanza Celina anaonana na Aaron, alimmwagia maji ya bahari kwenye viatu.

Pantoni ilikuwa ndiyo kwanza imegusa gati la Magogoni na watu wanashuka kwa kusukumana. Celina alikuwa ndani ya gauni la kitenge cha njano, chini amevaa gambuti nyeusi, anavuta kitoroli chenye madumu ya maji kutoka Kigamboni. Kifuniko cha dumu moja kikafyatuka.

"Dada, taratibu! Viatu vipya hivi!"

"Pole, kaka yangu. Samahani sana."

Mwanaume aliinama, akanusa. "Haya si maji ya chumvi? Unayapeleka kwa mganga?"

"Kwa samaki."

"Samaki si wako hukohuko baharini?"

"Wangu yuko Kariakoo, ghorofa ya tatu."

Yule mwanaume alicheka mpaka watu wakageuka. Alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono inakata. "Naitwa Aaron. Nauza taa na nyaya Mtaa wa Nyamwezi. Viatu umeshaviua, basi angalau nionyeshe marehemu wamefia nini."

Celina hakuwa mtu wa kukaribisha watu. Anauza mapazia, duka lake linajaa wateja tangu asubuhi, lakini akishafunga, anapanda ngazi zake, anafunga na mlango. Wapangaji wa chini, kwa ule mwanga wa buluu unaopenya dirishani kwake, walikuwa wameshakubaliana kwamba ana jini. Siku ile sijui ilikuwa jua, sijui ni kile kicheko, alimwacha mtu abebe madumu mpaka juu.

Tenki lilichukua ukuta mzima. Ndani kulikuwa na mawe ya matumbawe, majani laini yanayopepea kama vidole vya mtoto, na katikati akijipitisha taratibu, kitatange mmoja mkubwa: mwili wa buluu, mistari ya njano kutoka kichwani hadi mkiani, na kitambaa cheusi machoni.

"Mungu wangu," Aaron alinong'ona. "Huyu kavaa kuliko mimi. Mwenzake yuko wapi?"

"Hana. Hawa wakiwa wakubwa hawakai wawili wa aina moja. Wanaumana mpaka mmoja afe."

"Kwa hiyo yuko peke yake siku zote?"

"Hajalalamika."

"Kakwambia?"

Celina alimtengea chai.

Mapenzi yao yaliingia kwa mlango wa umeme. Umeme ukikatika pampu inazima, na pampu ikizima samaki anakosa hewa. Ukikatika tu, simu ya Celina inaita.

"Mrembo, mko gizani?"

"Tuko gizani."

"Nakuja na betri. Usimpulizie kwa mdomo."

"Mjinga wewe!"

"Mjinga wako. Weka chai."

Akaja na betri, akaja na inverta, akaja na chipsi kuku. Ummy, mwenye duka la vyombo jirani na la Celina, mwanamke asiyepitwa na jambo, alianza kumwita Celina "wifi" mbele ya wateja, na wateja nao wakaitikia.

Siku ya kuzaliwa kwa Celina, Aaron alipanda ngazi na ndoo imefunikwa kanga. Ndani kulikuwa na kisamaki kidogo, cheusi chenye ubuluu, kimechorwa miduara myeupe, duara ndani ya duara. Alikuwa amempata kwa mzamiaji wa Kigamboni.

"Ulisema wa aina moja hawaelewani. Nimekuletea wa aina nyingine. Bwana mkubwa apate wa kupiga naye stori."

Celina alikitazama muda mrefu. Akasema, "Mzuri sana, asante mpenzi," akakitia tenkini. Kitatange mkubwa alikizunguka mara moja, akaenda zake.

Ikapita masika, kikaja kiangazi, ikapita masika nyingine. Aaron akawa mtu wa Jumamosi na Jumapili. Kisha wa Alhamisi. Novemba moja akaja na pasi yake, akatundika mashati matatu kwenye kabati la Celina, akakaa kwenye kochi kama mtu aliyefika kwake.

"Desemba hii twende nyumbani wote," akasema. "Wewe Kibosho, mimi Machame, ni pua na mdomo. Mjomba wangu apeleke mbege kwenu, mambo yawe wazi."

Hapa msomaji ujue kitu kimoja. Wachaga wa Kariakoo Desemba wanafunga maduka, wanapanda mlimani kwao Kilimanjaro. Celina alikuwa hajapanda miaka mingi. Mbege ya posa ya mchumba wake wa kwanza, Robert, ilishanywewa kwao na ukoo mzima, kisha Robert akaoa kwingine. Tangu hapo, mama akimwuliza kwa simu, jibu lilikuwa lilelile: "Mama, nikija nani atamwangalia samaki?"

"Tutaona," alimwambia Aaron.

"Tutaona nini? Mkibosho wewe, nijibu vizuri."

Maji yakapiga kioo, pwaa. Wakageuka wote wawili. Kile kisamaki kilikuwa kimeanza kubadilika wiki hizo, miduara inafutika, mistari ya njano inatokeza, na kitatange mkubwa alikuwa amekibana nyuma ya jiwe, anakipiga ubavuni. Pezi limechanika.

"Celina! Kina nini?"

"Amekua," Celina alisema, tayari ana wavu mkononi. "Wakiwa wadogo wana vazi lao. Wakikua wanavaa kama wakubwa. Ni aina moja."

Aaron alimgeukia. "Ulijua tangu siku nilipomleta?"

"Nilijua."

"Ulijua watapigana, usiniambie?"

Celina angeweza kudanganya. Labda ingekuwa afadhali. "Nilidhani kabla hajakua, wewe utakuwa umeshaondoka."

Aaron hakupiga kelele. Alitoa mashati yake kabatini, moja moja, akayakunja. Akachota maji ya tenki kwenye ndoo, akamwingiza mdogo humo, akateremka ngazi.

Pasi aliisahau. Celina hakuigusa ilipokaa.

Wiki zilizofuata alifungua duka, akapima vitambaa, akacheka na wateja. Jioni alipanda juu, akakaa mbele ya tenki. Kitatange alirudia njia yake ileile, jiwe hadi jiwe, hana wa kumfukuza. Umeme ulikatika mara mbili. Simu haikuita.

Karibu na Krismasi Kariakoo ikaanza kupungua, milango ya chuma ikashuka mmoja baada ya mwingine. Ummy alikuja kuegemea kaunta.

"Mwanaume wako hajaenda kwao."

"Si wangu."

"Haya, mwanaume wa watu. Yuko Magomeni. Kila jioni anaonekana pantoni na dumu. Wanasema kapata jini na yeye." Ummy alipunguza sauti. "Nenda, mama. Nimechoka kukutazama."

Aaron alifungua mlango akiwa na fulana, ndevu hazijanyolewa. Sebuleni, juu ya meza ya chakula, kulikuwa na beseni kubwa la kuogeshea mtoto, na pampu inagugumia. Kitatange mdogo alikuwa humo, pezi limeanza kuota tena, mduara mmoja mweupe umebaki mkiani.

"Hukwenda nyumbani?" Celina aliuliza.

"Nikienda nani atamwangalia?"

Sentensi ile Celina alikuwa ameisema miaka yote, na hakuwahi kuisikia. Chumba kile cha mtu mmoja, sahani moja kwenye sinki, Desemba, na mwanaume mzima kalindishwa beseni. Akaketi.

"Aaron, rudi nyumbani. Tutakata kioo, tugawe tenki katikati. Kila mmoja na upande wake."

"Samaki nimekuelewa. Mimi je?" Aaron alibaki amesimama. "Mama, nakupenda mpaka najishangaa. Lakini kuja na kuondoka nimechoka. Kama bado unanihesabia siku za kuondoka, sirudi."

Celina alitazama mikono yake. Kwao wangesema huyu naye ataacha mbege imenywewa. Wangetazamana jikoni. Akatoa simu, akapiga, akaweka sauti kubwa.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Samaki hajambo?"

"Hajambo. Mama, Krismasi nakuja. Siji peke yangu."

Upande wa pili kuku walisikika, na ndoo inawekwa chini.

"Mpe simu," mama akasema.

Aaron aliifuta mikono kwenye fulana kabla ya kuipokea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani, wa hapa Kibosho au wa wapi? Anza kwa babu yako, sina haraka."

Aaron alimtazama Celina, akameza mate, akatoka na simu barazani. Celina alibaki na kile kisamaki, akisikiliza sauti ya mwanaume ikieleza ukoo wake taratibu, mtu kwa mtu, na kila akisita, mama anauliza, "Ehe? Na huyo alioa wapi?"