Kiatu cha Ndani ya Dohani

Kiatu cha kushoto cha Alec Preece kilikuwa na joto. Kilikaa mlangoni tangu jana yake, kimelowa mvua, juu ya sakafu ya mawe yenye baridi ya kuuma mifupa. Lakini Marian, mkewe, alipokiinua asubuhi ile akifute tope, ndani kulikuwa na joto kana kwamba mtu amekivua sasa hivi. Akakirudisha chini. Alikuwa amechoka mno, hata kushangaa hakuweza.

Nyumba ndiyo iliyomchosha. Mbele ilikuwa ya matofali, madirisha yamepangwa kwa adabu, moja likiwa la kuchorwa tu tangu enzi ambapo watu walitozwa kodi kwa kila dirisha. Nyuma ya uso huo kulikuwa na kijumba kikongwe cha mbao cha miaka mia nne, kimepinda kila upande. Nyumba ya kulindwa kisheria kwa ukale wake, huwezi kubadili hata kitasa bila ruhusa ya halmashauri. Marian, mtu wa chama cha historia cha mji, alikuwa anajaza fomu mwaka wa tisa sasa.

Siku chache kabla ya asubuhi ile, mwezi Oktoba, fundi lipu, mzee Beddoes, alibandua lipu mbovu ya dohani akakuta kiatu cha mtoto, ngozi imekauka, kimefichwa juu ya boriti ya meko.

"Kiache hapohapo, mama," alisema. "Waliokiweka hawakuwa wajinga."

"Bwana Beddoes, hiki ni cha karne ya kumi na saba!"

"Ndiyo nasema. Kimekaa kazini muda wote huo, wewe unataka kukistaafisha."

Marian alicheka. Sheria ililinda kila msumari wa nyumba ile, ila kiatu hakikugongomelewa popote. Akakipeleka makumbusho siku ileile, wakampa mkono wa pongezi.

Wiki iliyofuata Alec akapata ganzi yenye baridi kwenye vidole vya mguu wa kushoto. Ikapanda kifundoni, ikapanda gotini. Madaktari wakapima, wakapiga picha, wasione kitu. Kufikia Desemba baridi ilikuwa nyongani, na Alec alikuwa anashinda kitini karibu na meko, blanketi mapajani.

Halafu kukasikika hatua za miguu. Zilianza saa kumi jioni, giza la majira ya baridi likiingia, Marian akimimina chai. Juu ghorofani kitu kilikanyaga mara moja, kikatulia, kikakanyaga tena, mguu uleule mmoja, bila wa pili kuufuata, kikaja hadi kwenye ngazi na kushuka kipandio kimoja kimoja huku mbao zikilia chini ya uzito wake, na harufu ya ngozi mbichi ikakitangulia ikajaa chumbani mpaka chai haikunyweka.

"Umesikia?" Alec alinong'ona.

"Mbao zinakauka tu."

"Mbao gani hizo, Marian, zinakauka huku zinashuka ngazi?"

Marian aliandika barua makumbusho akiomba kiatu kirudishwe. Wakajibu kwa heshima kwamba kiatu kimeshaingizwa kwenye rejista, na kamati itakaa Machi. Marian akaisoma mara mbili, kisha akaketi jikoni akalia, si kwa hasira, kwa uchovu. Machi ilikuwa mbali, na baridi ilikuwa imefika mbavuni.

Beddoes alipoitwa alisimama mlangoni akanusa, akavua kofia.

"Kitu hicho kinashuka kwa dohani," alisema kwa sauti ya chini. "Kinatafuta mtu wa kumvaa. Kikikuta kiatu kilichoshika umbo la mguu, kinadhani ni mtu, kinaingia, na kutoka hakijui. Sasa kiatu kimetolewa, kitu hicho kimemwingia mzee."

"Tuweke kiatu kingine basi. Changu."

"Kwenye cha mtu mzima hakikai. Kiwe cha mtoto wa nyumba hii, alichokivaa mwenyewe."

Ndani ya kabati la ghorofani kulikuwa na viatu vyekundu vya Tessa, binti yao, aliyefariki akiwa na miaka sita. Miaka thelathini na moja ilikuwa imepita, na alama ya dole gumba lake bado ilikuwamo ndani.

"Hapana," Alec alisema. "Bora niende mimi."

"Nilikwishazika mmoja," Marian akamjibu. "Sina nguvu ya kuzika tena."

Akaleta kimoja mwenyewe, akakibusu, akakisukuma juu ya boriti kwa mkono wake. Hakuomba ruhusa ya halmashauri. Beddoes alichanganya chokaa akaziba haraka haraka, bila mzaha safari hii. Lipu ya mwisho ilipokaa, ile harufu ikakatika. Alec akashusha pumzi ndefu, akachezesha vidole vya mguu, na machozi yakamtoka.

Ndipo ukutani kukasikika vijihatua, vyepesi, vya kurukaruka.

"Mama," ikaita sauti ndani ya dohani. "Kinanibana."

Alec akasimama kwa miguu yake miwili. Akachukua nyundo ya Beddoes.

"Si yeye!" Marian alimziba njia, mgongo wake ukizama kwenye chokaa mbichi. "Alec, nisikilize mume wangu. Tessa amelala makaburini, wewe na mimi tulimpeleka. Huyu si yeye."

"Mama, kinanibana."

Marian akafumba macho.

"Vumilia, mwanangu," akasema.