Mguu wa Pimbi

Kila asubuhi Gorata alifagia ua wa bibi yake, akanywa chai na kipande cha mkate wa phaphatha, kisha akaenda shuleni kwao katika mji wa Serowe. Siku ya maonyesho ya sayansi alifagia nusu ya ua tu, na chai aliiacha mezani.

Yeye na Thuso, mwanafunzi mwenzake, walichora mti wa ukoo wa kuku, sungura, tembo na pimbi, yule mnyama mdogo anayeota jua kwenye miamba. Walilinganisha mifupa, meno na miguu. Wanyama walioonekana kurithi alama kutoka kwa babu mmoja waliwekwa kwenye tawi moja, na kati ya miti waliyojaribu kuchora, ule uliohitaji mabadiliko machache zaidi ya maumbile ndio uliochaguliwa.

Kabla hawajamaliza kulinganisha, Gorata aliitangazia shule nzima kuwa pimbi ni ndugu wa sungura. Alipigiwa makofi. Akauchora mti hivyo na kuupaka rangi.

Sasa, siku ya maonyesho, mguu mkavu wa pimbi waliokuwa wakiuchunguza haukuwemo katika sanduku la vifaa.

"Umeenda wapi?" Thuso aliuliza, akiinama chini ya meza. "Majaji wanakuja."

"Labda paka."

"Paka afungue sanduku, achukue mguu, halafu afunge tena?"

Gorata aliubana mkoba wake kwapani. Mguu ulikuwa humo ndani. Jana yake aliutazama kwa kioo cha kukuzia akaona kucha bapa kama kwato ndogo, zinazofanana na za tembo pichani. Meno ya pimbi ya juu ya mbele nayo yalichongoka kama pembe changa za tembo. Sungura hakuwa na alama hizo.

Mwalimu wao, Mma Tebape, akafika na kuchungulia sandukuni. "Thuso, vifaa nilikukabidhi wewe. Usipouleta mguu huo, utatoka kwenye maonyesho."

"Sijaugusa, Mma," Thuso alisema.

Majaji walibakiza meza moja kabla ya yao. Gorata akafungua mkoba.

"Niliuficha mimi, Mma. Pimbi yuko karibu na tembo, na mimi nilishawaambia watu wote kuwa ni ndugu wa sungura."

Thuso alimkazia macho. "Yaani mimi nifukuzwe ili mchoro wako usiharibike?"

"Nisamehe, Thuso."

Thuso alichukua mkasi, akalikata tawi la pimbi. Gorata akalibandika upande wa tembo.

"Mbona mti wenu una kiraka?" jaji mmoja akauliza.

"Tulikosea, Rra," Gorata alimwambia mzee huyo kwa heshima. "Tulidanganywa na umbo na manyoya. Tazama kucha na meno."

Nyuma yao mtu alicheka. "Pimbi ndugu wa tembo? Basi mimi ni binamu wa kifaru."

Jaji hakucheka. Aliinama juu ya kioo kwa muda mrefu, kisha akamwita mwenzake aje kuona.

Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa wengine. Gorata na Thuso walipata ya tatu. Wakati wa kufungasha, Mma Tebape aliwaita.

"Gorata, mti wa ukoo hubadilika ushahidi ukibadilika. Hakuna aibu hapo. Aibu ni kuficha ulichokiona, na mbaya zaidi, kumwacha mwenzako abebe kosa lako. Umenielewa?"

"Ndiyo, Mma."

"Na wewe Thuso, nilikutuhumu bila kuchunguza. Hata mimi leo nimejifunza."

Thuso alitazama chini, kisha akashika upande mmoja wa sanduku na kumngoja Gorata ashike wa pili.