Tarumbeta ya Watu Wawili

Mama yangu ni fundi cherehani, na kila asubuhi mimi huamshwa na mguu wake unaokanyaga pedeli. Cherehani ikianza kulia sebuleni, najua ni wakati wa kuoga, kunywa chai na kukimbilia shule. Lakini asubuhi ile kichwa kilinigonga pamoja nayo, na mwili ulikuwa moto. Nilivaa sare bila kumwambia mama.

Nilikuwa na sababu. Bendi ya shule yetu ina tarumbeta moja tu, na tulikuwa tukiipuliza kwa zamu, mimi na mvulana tuliyembandika jina la Mapafu. Siku hiyo mwalimu wa muziki angechagua atakayeipuliza kwenye mashindano, na alikuwa ameshatangaza: "Atakayekosa mazoezi, ajihesabu mtazamaji!" Mapafu hakosi. Siku kadhaa alikuwa akikohoa mpaka madirisha yanatikisika, na mwalimu akawa anamsifu. "Mnamwona mwenzenu? Huyo ndiye mwanamuziki!"

"Hebu njoo," mama aliniita nilipokuwa nanyata kuelekea mlangoni. Alinigusa shingo, akachukua kipimajoto kwenye kopo la vifungo. "Una homa. Vua sare."

"Mama, leo siwezi kukosa! Leo ni mazoezi!"

"Homa haijui mazoezi."

Alinipa dawa ya kuishusha. Baada ya muda nilijiona mzima kabisa, na hata kipimajoto kilikubaliana nami.

"Si umeona? Nimepona. Niache niwahi."

Mama hakuinua macho kutoka kwenye pindo alilokuwa analishona. "Hiyo ni dawa inayosema, si mwili wako. Ngoja iishe nguvu, tuone."

Nilijifunika gubigubi nikalia kwa hasira. Watoto wa wenzake wanakwenda shule na makamasi yao na hakuna anayewaambia neno, ila mimi tu! Nilimwaza Mapafu ameshika tarumbeta, anashangiliwa. Mchana homa ikarudi kwa kishindo. Nilitetemeka, uji ukanishinda. Iliniudhi kwamba mama alisema kweli, na ikaniudhi zaidi kwamba sikuwa na nguvu ya kumbishia.

Kesho yake jioni tukasikia hodi. Alikuwa mwalimu wa muziki, sauti imemkauka.

"Shikamoo, mwalimu," nilisema kwa shida.

"Marahaba. Kumbe na wewe!" Aliketi akamgeukia mama. "Sina bendi, mama. Wapiga ngoma wanaumwa, wapiga filimbi wanaumwa. Jana Mapafu alianguka katikati ya mazoezi, tukambeba mpaka zahanati."

"Pole sana," mama alisema. "Lakini mwalimu, usinichukie. Mtoto anakohoa siku nenda rudi, anasifiwa. Anayebaki nyumbani apone, ananyang'anywa nafasi. Ungekuwa wewe mtoto, ungefanyaje?"

Mwalimu alitazama viatu vyake. "Ningekuja," alisema, kisha kikohozi kikamshika.

Tulipopona sote, alitusimamisha mbele yake. Mapafu alikuwa amekonda, hata jina halikumfaa tena.

"Kosa lilikuwa langu," mwalimu alisema. "Sheria yangu ndiyo iliyowaleta wagonjwa hapa. Kuanzia leo, mwenye homa, anayetapika au anayekohoa sana abaki nyumbani. Asirudi mpaka amalize siku nzima bila homa, tena bila dawa ya kuishusha. Mafua madogo hayana neno, njoo na kitambaa chako. Na nafasi yako itakungoja."

"Na tarumbeta?" niliuliza haraka.

"Wimbo wa mashindano una sehemu mbili. Wewe utapuliza ya kwanza, mwenzako ya pili."

Nilifika nyumbani nikiruka. Mama alisikiliza habari yote bila kusimamisha cherehani, kisha akanikabidhi vitambaa viwili alivyovishona kwa vipande vilivyobaki, kimoja cha bluu, kingine cha njano.

"Hiki chako, hiki mpelekee Mapafu. Kila zamu ikiisha, osheni kwa sabuni pale mnapopulizia, kila mtu apanguse kwa kitambaa chake." Akanitazama kwa mara ya kwanza jioni ile. "Tarumbeta gawaneni, mwanangu. Ugonjwa hatugawani."